Wanaoulinda mto wasifanywe wasumbufu

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku ambalo, likikaa kifuani mwangu siku nyingine moja, litanigeukia maradhi. Jana jioni nimerejea kutoka katika ofisi moja ya umma, mwili taabani na roho imejaa ghadhabu, baada ya kuambiwa na kijana mmoja mwenye tai, mbele ya watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi, kwamba kama sisi wazee tunawapenda viboko kiasi hicho, basi tuwachukue tukawafuge majumbani kwetu. Watu wa kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka, na ndiyo maana naandika.

Maskani yangu yapo kandokando ya mbuga ya Wembere, katika mkoa huu wa Singida, na umri wangu ni wa kuitwa babu hata na watu wasio wajukuu zangu. Kwa wasomaji wa mbali wasioijua nchi yetu, napenda waelewe kwamba maji ya Wembere hayaendi baharini. Huteremka polepole katika mbuga, yakaingia katika ziwa Kitangiri, na Kitangiri likishiba huyatoa kwa njia ya mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi lenye magadi, na hapo safari yake hukoma, kwa kuwa mbele hakuna njia tena na jua ndilo linaloyachukua. Mito ya wenzetu huweza kuitupia bahari taka zake, bali wetu hauna pa kuzitupa. Tope linalobomolewa juu hujaza ziwa la chini, na sumu inayomwagwa leo itakuwapo hapohapo watoto wetu watakapokuwa wazee. Katika maji hayo tumepata perege na kambare tangu zama za mababu zetu, humo viboko wameishi, na masika yanapofurika mbuga huja mwari, korongo na ndege wa majini wa kila namna. Na huko Eyasi wenzetu Wahadzabe wameishi kwa kuwinda na kuchuma bila ya kuidhulumu nchi wala kuidai chochote zaidi ya riziki ya siku.

Hali hiyo inaondoka mbele ya macho yetu. Majaruba ya mpunga yamesogezwa hata yakagusa maji yenyewe, miti ya ukingoni imekuwa mkaa, ng'ombe wanateremshwa mtoni kwa maelfu mahali popote wapendapo wachungaji, na ziwani makokoro yanazoa samaki na vifaranga vyake pamoja. Isitoshe, katika wilaya hii ya Iramba, ambayo dhahabu yake ya Sekenke ilichimbwa tangu zama za Wajerumani mnamo 1909, wapo wachimbaji wadogo ambao hukamatisha dhahabu kwa zebaki, nayo zebaki haiozi wala haisahau. Wajapani wa Minamata walianza kuyaonja hayo mnamo 1956, walipoona watu wanapooza na kufa kwa kula samaki wa ghuba yao wenyewe. Sisemi kwamba tumekwisha kufika huko. Nasema kwamba ghuba ya Minamata ina mlango wa kutokea baharini, na Kitangiri na Eyasi hayana.

Kwa ajili hiyo sisi wakazi wachache, wanaume kwa wanawake, tuliunda kamati, tukatembea ukingoni tukiandika kila tulichokiona, kisha tukatunga ardhilhali, tukatia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Ombi letu lilikuwa dogo mno. Hatukuomba fedha, wala gari, wala semina. Tuliomba waje maofisa wapime mita 60 kutoka ukingo wa maji, waweke vigingi, na wawaambie watu wote, tajiri na maskini, kwamba hapa ndipo mpaka. Mita hizo hatukuzibuni sisi. Zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kutoka kingo za mito na maziwa.

Ofisi ya kwanza, iliyokuwa ya mambo ya ardhi, ilitupokea kwa bashasha, ikatusifu kwa uzalendo, ikaipokea karatasi yetu, kisha ikanyamaza. Tuliporudi kuuliza, tukaambiwa kwamba jambo la mto si la ardhi, ni la maji. Tukaenda kwa watu wa maji, wakasema kwamba majaruba ni kilimo. Watu wa kilimo wakasema kwamba tumetaja viboko na ndege, na hao ni wa maliasili. Watu wa maliasili wakatusikiliza mpaka mwisho, wakatikisa vichwa kwa huruma, kisha wakatuuliza kwa mshangao kwa nini hatukuanzia ofisi ya ardhi. Katika kila mlango mkubwa wa ofisi alikuwa kikaoni, au safarini, au semina, hata nikaanza kuamini kwamba katika nchi yetu vyeo hugawiwa kwa masharti ya mwenye cheo kutoonekana.

Nauli za safari hizo hakuzitoa mfadhili yeyote. Tulichangishana, huyu ameuza debe la alizeti, yule ametoa kuku, na mama mmoja mjane alitoa jogoo wake aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya sikukuu. Kuku wa Singida wanasifiwa mpaka Dar es Salaam, na laiti mto wa Singida ungepata nusu ya sifa hizo, nisingekuwa na haja ya kuandika barua hii.

Jana basi nikarudi katika ofisi ile ya kwanza, nikaelezwa sharti jipya, ambalo hakuna aliyelitaja hapo kabla, ya kwamba ardhilhali haishughulikiwi mpaka iambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliogongwa muhuri. Nikamweleza yule kijana kwa upole, kama mtu anavyosema na mjukuu wake, kwamba muhuri huo umo mikononi mwa kiongozi ambaye jaruba lake ni miongoni mwa majaruba yanayolalamikiwa, na kumtaka augonge ni kumtaka ajishitaki mwenyewe. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya kijijini kwetu, tukayamalize hukohuko. Nikaomba nionyeshwe angalau karatasi yetu ya awali, ili nijue kama ingali hai. Akasema kwamba faili halionekani masijala. Nami pale nilipokuwa nimesimama niliiona, kwa macho haya ambayo kwa mambo ya mbali hayajahitaji miwani, ipo juu ya kabati, imewekewa chupa ya chai. Nilipomwonyesha kwa kidole, ndipo lilipomtoka lile neno la viboko.

Sasa nauliza, Ndugu Mhariri, ni nani hasa anayevunja utaratibu? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 27, inasema waziwazi kwamba kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Haikusema kila mtu mwenye ofisi, wala kila mtu mwenye muhuri. Mwananchi anayetekeleza wajibu huo akionekana msumbufu, na anayelima ndani ya maji akiachwa astarehe, basi insafu imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Wala asiniambie mtu kwamba wananchi hawawezi kitu. Jirani zetu wa Shinyanga nchi yao ilikuwa imekwisha kuwa jangwa, lakini tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mnamo 1986, nao ukakubali kuwasikiliza wenyeji na desturi yao ya ngitiri, yaani kutenga na kuhifadhi malisho, misitu na malisho vilirejea katika hekta zaidi ya 300,000. Na palipokusudiwa kujengwa kiwanda cha magadi katika ziwa Natron, sauti za watu wa nchi hii na za nje zilipazwa kwa kishindo, hata mwekezaji akajitoa mnamo 2008. Na heroe tuwaonao hapa katika ziwa Singidani na kule Eyasi, ambao katika Afrika Mashariki yote hawana mahali pengine pa uhakika pa kuzalia, wanazalia huko Natron hadi leo. Sauti zile zilifaa kwa sababu zilisikika. Yetu imefunikwa kwa chupa ya chai.

Na kwa kuwa viboko wametajwa kwa dhihaka, sharti niseme na hili. Kiboko aliyelimiwa malisho yake hupanda usiku kuyatafuta mashambani, na mwenye shamba huamka akakuta hana mtama wala mahindi. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa. Wapo majirani zangu waliojaza fomu, wakaletewa watathmini, wakaahidiwa, na wengine wameingia kaburini jasho lao halijafutwa. Kama serikali haiwezi kuwafuta watu jasho kwa wakati, izuie basi wasitokwe na jasho hilo, nayo itaweza kwa kuwaachia viboko ukingo wao.

Kuhusu wanasiasa wetu sina maneno mengi, maana wao wenyewe wameyamaliza. Wakati wa kura husimama majukwaani wakawaambia watu waliovamia kingo, “Limeni, hakuna atakayewagusa,” na kura zikishahesabiwa huwaoni tena ila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, wanapokuja na wapiga picha kupanda miche ambayo hakuna aliyepangwa kuimwagilia. Mche hufa Julai, na picha hudumu ukutani. Abadan sijamwona hata mmoja wao akisimama mbele ya wapiga kura wake na kusema kwamba mita 60 ni mita 60.

Hatumchukii mkulima wa mpunga wala mfugaji. Ni ndugu zetu, na wengine tumeoleana. Wapatiwe ardhi nyingine na malambo ya kunyweshea, washirikishwe katika jumuiya za watumia maji ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeziruhusu, na waelezwe kwamba mto ukifa jaruba nalo halitabaki. Hayo yanataka ofisa anayekubali kutoka ofisini na kuvua viatu matopeni.

Nawaomba wahusika, na wanajijua, waje Wembere kabla mvua za masika hazijaanza, wazipime mita 60 na kuweka vigingi mbele ya wanakijiji wote, akiwemo yule mwenye muhuri; na ardhilhali yetu ijibiwe kwa maandishi, ikubaliwe au ikataliwe, ili nasi tujue la kufanya. Sheria hiyohiyo ya 2004 imempa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kudai mazingira safi na salama, na kuku wa kuuza kwa nauli ya kufika huko bado wapo.

Wako mtiifu,
Mzee wa ukingoni mwa Wembere,
Mkoa wa Singida.