Mume naye apimwe, na sigara aiache

Mwaka umepita tangu mfunge ndoa na mimba haijaingia. Mara nyingi anayezungushwa hospitali ni mke: anapigwa ultrasound, anapimwa mirija, anameza dawa za kila aina, huku mawifi wakinong'ona. Mume yuko nje anavuta sigara. Hajapimwa chochote, kwa kuwa tendo la ndoa analimudu.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kulimudu tendo la ndoa si sawa na kuwa na mbegu zinazoweza kutungisha mimba. Kwa karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo humhusu mwanamume pia, peke yake au pamoja na mkewe. Kumtuma mke peke yake kliniki ni kumwonea, tena ni kupoteza pesa.

Sumu za moshi wa sigara, ikiwamo madini ya kadmiamu, huingia kwenye damu na kufika hadi kwenye korodani. Kwa wavutaji, hasa wa sigara nyingi kwa siku, mbegu hupungua idadi, huogelea kivivu, na nyingi huwa na umbo lisilo la kawaida. Kipimo cha kawaida hakionyeshi jambo jingine: vinasaba vilivyomo ndani ya mbegu huharibika, na hali hiyo inahusishwa na mimba kutoka. Moshi huo huo hudhuru mishipa ya damu inayowezesha uume kusimama, kwa hiyo hata hilo tendo analojivunia liko hatarini.

Utaniambia jirani yako anavuta pakiti nzima na ana watoto saba. Kweli, si kila mvutaji ni mgumba. Lakini kama mbegu zako ni chache kwa sababu nyingine, sigara inakupunguzia hata hizo.

Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu kutengenezwa na kukomaa. Ukiacha leo, ndani ya miezi mitatu utakuwa na mbegu ambazo hazikukulia kwenye moshi. Usihamie kwenye shisha. Maji yake hayaondoi sumu.

Nendeni wote wawili baada ya mwaka wa kujaribu, au miezi sita kama mke amevuka miaka 35. Kabla ya kutoa manii ya kupima, kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Majibu yakiwa mabaya usikate tamaa wala usikimbilie dawa za mtaani. Kipimo hurudiwa, na mweleze daktari unavuta sigara ngapi kwa siku, bila kupunguza hesabu.