KILA MARA NI ARBITRE TU?

Kila timu yetu ya mpira ikishindwa tunasikia maneno yaleyale: "Arbitre alituiba!" Hakuna anayesema beki alilala, wala mlinzi wa goli alikamata hewa. Sisi wa gazeti hili tunataka kutoa mawazo yetu juu ya jambo hilo, lakini tutapitia mbali, kule Marekani, kwa mchezo wa besiboli, sababu huko iko kesi moja ambayo wapenzi wa timu ya St. Louis waliizungumza miaka na miaka.

Wasiojua mchezo huo wasiogope. Mmoja anatupa mpira, mwenye fimbo anaupiga, kisha anakimbia kusudi afike kituo cha kwanza. Mpira ukimtangulia mkononi mwa adui aliyekanyaga kituo, yeye ametoka. Wakitoka watatu, zamu yao imekwisha; zamu ni tisa. Mwenye kuzunguka vituo vyote hata kurudi nyumbani anapata pointi moja.

Basi, tarehe 26 Oktoba 1985, St. Louis walicheza huko Kansas City. Mwenye kushinda michezo minne ndiye bingwa, na wao walikuwa nayo mitatu tayari, adui miwili. Zamu ya tisa, St. Louis wanaongoza 1 kwa 0. Jorge Orta wa Kansas City akapiga, akakimbia. Mpira ulimtangulia, kila mtu aliona kwa televisheni. Lakini mwamuzi Don Denkinger akasema: amefika! Kansas City wakashinda 2 kwa 1, na kesho yake wakashinda tena, 11 kwa 0.

Kosa lilikuwa kosa, na Denkinger mwenyewe alilikubali. Lakini tuangalie yaliyofuata. Mpira wa juu, mwepesi kabisa, ulianguka chini pasipo mtu kuukamata. Jack Clark wa St. Louis hakujua utashukia wapi. Aliyeupiga akapata nafasi ya pili, akafika kituoni. Kisha Darrell Porter, mdakaji wao, akapitwa na mpira, na adui wawili wakasogea mbele. Na huyo Orta? Alitolewa kwenye kituo cha tatu! Mtu ambaye mwamuzi alimpa bure hakuleta hata pointi moja.

Mmoja kati yetu alikataa hesabu hii. Akasema, kama Orta angetolewa mara moja, wale wengine wangecheza namna nyingine, na mrushaji asingevunjika moyo. Ni kweli, hatuwezi kumpinga hapo. Lakini katika michezo saba St. Louis walipata pointi 13 tu, na katika mitatu ya mwisho pointi 2. Tena mkimbiaji wao Vince Coleman, aliyeiba vituo 110 mwaka ule, hakucheza: kabla ya fainali mashini ya kufunika uwanja ilimkamata mguu. Ile nayo, ni Denkinger aliiwasha?

Jambo linalotuumiza zaidi ni lile lililofanyika nyuma ya mchezo. Watangazaji wawili wa redio huko St. Louis walitoa namba ya simu na anwani ya nyumba yake. Barua za matisho zikamfikia, yeye na jamaa yake, juu ya mpira! Hata hivyo aliendelea kuamua michezo mpaka 1998, akafa 2023.

Wamarekani walitafuta dawa. Tangu 2014 timu inaweza kuomba uamuzi kama ule uangaliwe tena kwa video. Ni vizuri, tunawasifu. Sisi hatuna video. Tuko na mtu mmoja mwenye filimbi, mara nyingi mwalimu au mwanafunzi mkubwa, anayekimbia pamoja na wachezaji 22 katika vumbi. Na tunamngoja nje ya uwanja tukimtukana mama yake.

Kwa hiyo tunaomba hivi: mwenye kutuletea barua ya kulalamikia mwamuzi aandike pia timu yake ilikosa goli ngapi siku ile, na nani alizikosa. Barua isiyo na hesabu hiyo hatutaipiga mashini, karatasi ni chache.