MEDALI SI YA KUYEYUSHWA

Vita vya 1914–1918 vilifika kwetu. Gazi palipiganwa mwaka 1914. Jasin, ng'ambo ya mpaka karibu na Vanga, Januari 1915. Askari wa Keya walipewa medali ya fedha, na sasa twaona wajukuu wakiipeleka kwa sonara. Ngojeni kwanza! Tazameni ukingoni: pamechorwa namba, cheo, jina na kikosi. Jina peke yake halitoshi. Akina Juma bin Hamisi wa Kwale ni wangapi? Sisi wa reli twalijua hilo kila siku ya mshahara. Tena namba isomwe pamoja na kikosi, maana askari wawili wa vikosi mbalimbali waweza kuwa na namba moja.

Wapagazi ndio waliosahauliwa kabisa, nao walikuwa vibarua kama sisi. Mwaka 2021 tume itunzayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa hawakuandikwa majina.

Daftari za medali zile zimehifadhiwa London. Twataka viongozi wetu waombe nakala za kurasa za Keya, ziwekwe Kwale na Msambweni, mahali ambapo mzee ataingia na medali yake mkononi bila kuulizwa barua.