Kazi ya Kundi: Sinema ya Dakika Kumi

Tuseme mwalimu wa chuo amewagawa watano watano, akaagiza kila kundi lilete sinema fupi ya mambo ya kweli, ya dakika kumi, juu ya mji wenu wa Kolwezi. Neno la kwanza litakalotoka vinywani mwa wengi ni hili: "Twende mgodini." Wala si ajabu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, na jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hata 1997, miaka mingi kabla Lualaba haijawa jimbo peke yake mwaka 2015. Lakini kabla hamjashika njia, yafaa mjue kwamba wengine wametangulia kuupiga picha mji huu, wala si wote walioutazama vema.

Mwezi wa Mei mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, na mamia ya watu walikufa, Waafrika na Wazungu. Mwaka 1980 ikatolewa sinema ya Kifaransa juu ya vita hivyo, iitwayo La Légion saute sur Kolwezi, kazi ya Raoul Coutard. Je, ilipigwa wapi? Ilipigwa Guyane, nchi ya Wafaransa iliyoko Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari kuu. Watu wa Ulaya waliingia ukumbini, wakaona miti na barabara, wakatoka wakidhani wameiona Kolwezi. Kumbe hawakuona hata jiwe moja la Lualaba. Kweli, ile ilikuwa sinema ya kuigiza, tena habari yake hasa ni ya askari walioshuka kwa miavuli. Hata hivyo jina la mji wenu limekwenda mbali kwa picha zisizo zake.

Mwaka 2009 Mbelgiji Thierry Michel alitoa Katanga Business, naye alifika kweli, akaonyesha wenye makampuni, wakubwa wa serikali na wachimbaji wadogo. Ni kazi nzuri. Lakini asiwadanganye mtu kuifuata: yeye alikuwa na fedha na muda, ninyi mna simu na majuma matatu.

Afadhali mumwangalie Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Alipokwenda katika makambi ya wachimbaji ili kutengeneza picha zake ziitwazo Kolwezi, hakutazama mashimo tu. Aliona wachimbaji wakipamba makazi yao kwa picha za karatasi zilizotoka China, zenye maua, maziwa na majumba ya fahari. Akaziweka picha hizo kando ya picha zake za udongo uliofukuliwa. Basi, bila maneno mengi, mtazamaji anaona pale anapoishi mtu na pale anapotamani kuishi. Naye Dieudo Hamadi wa Kisangani, katika sinema yake Examen d'État ya mwaka 2014, aliwafuata wanafunzi waliofukuzwa darasani kwa kukosa ada, wakajikusanya katika nyumba moja ili wajitayarishe kwa mtihani wa serikali. Hakusimama mtu kuwafafanulia watazamaji. Kamera ilikaa nao tu, ikangoja.

Kungoja huko ndiko kunakowashinda wanafunzi wengi. Hutaka kueleza kobalti yote, betri za magari ya Ulaya, kampuni za China, serikali na bei ya dunia, na dakika kumi zinakwisha kabla hatujamwona mtu hata mmoja. Chukueni Kasulo. Mwaka 2014 mawe ya kobalti yaligunduliwa chini ya makazi ya mtaa huo, na watu wakachimba uani, wengine hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 wakaaji wa sehemu moja ya mtaa walihamishwa, na mahali pao pakapewa kampuni ya Congo Dongfang Mining. Habari hiyo ni kubwa mno kwenu. Lakini mama mmoja aliyehama, akaonyesha mlango aliobeba kutoka nyumba ya zamani na mahali alipoufunga sasa, huyo atawatosha kwa dakika kumi, na pengine zitapungua.

Gawaneni kazi mapema: mmoja ashike kamera, mmoja asikilize sauti, mmoja aulize, mmoja aandike katika daftari kila kilichopigwa na saa yake, mmoja aunganishe vipande. Mwenye simu asijifanye mkubwa wa kundi kwa sababu simu ni yake. Makundi mengi huvunjika hapo. Kila jioni nakilini picha mahali pawili, maana umeme hukatika na simu huibiwa. Tena angalieni sauti kuliko picha. Picha yenye vumbi mtazamaji huivumilia, bali maneno yaliyomezwa na malori ya madini hayana dawa. Mwombeni mama mzungumze nyuma ya nyumba, mbali na barabara.

Na mama huyo aseme Kiswahili chake cha Kolwezi, chenye Kiluba, Kisanga na Kifaransa ndani yake. Sisi tuandikao Kiswahili cha vitabu tuna tabia mbaya ya kutaka kila mtu aseme kama gazeti. Msimsahihishe, wala msimpe sentensi za kukariri.

Sasa jambo zito kuliko yote. Mchimbaji aingiaye usiku katika eneo la kampuni anavunja sheria ili watoto wale. Ninyi mtapata alama. Yeye, uso wake ukionekana, aweza kukamatwa. Mtoto anayeosha mawe mtoni atakuwa mtu mzima siku moja, na picha ile itakuwa bado yatembea kutoka simu hata simu. Kwa hiyo fikeni mara ya kwanza bila kamera. Amkieni: "Jambo sana, Mama. Jambo sana, Baba." Ketini. Semeni mnatoka chuo gani, sinema ni ya nini, na nani wataiona. Semeni wazi kwamba ikishatumwa hamwezi kuirudisha. Akikubali leo na kukataa kesho, amekataa. Mikono yatosha kuonyesha kazi. Sauti yatosha kueleza shida. Watoto msiwapige nyuso hata kidogo, ijapokuwa mzazi amekubali.

Wengine huuliza kama yafaa kumlipa mtu anayehojiwa. Mimi naona maneno hayanunuliwi, maana aliyelipwa husema linalompendeza mlipaji. Lakini mama aliyeacha biashara yake saa mbili amepoteza chakula cha jioni, na kumpelekea unga na sabuni baadaye si kununua ushuhuda wake.

Kazi ikiisha, kabla haijamfikia mwalimu, rudini kwa mama yule. Ifungueni uani kwake, pamoja na jirani atakaowaita mwenyewe. Akisema, "Hapo nitoeni," kitoeni kipande hicho, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote, na hata kama sinema yatakiwa chuoni kesho asubuhi.