Anayehamia Dodoma apime ndoo kabla ya chupa

Wagogo wana masimulizi yanayoeleza jina la Dodoma. Tembo alishuka mtoni kunywa maji, miguu ikazama kwenye tope, naye akashindwa kujinasua. Waliomkuta wakasema kwa Kigogo kwamba amezama, na neno hilo ndilo lililokuja kuwa Dodoma. Masimulizi hayo yanafaa kukumbukwa leo na kila Mwana Afrika Mashariki anayefikiria kufunga mizigo yake na kuelekea huko. Tembo hakuzama kwa uzembe. Alizama kwa sababu alikuwa mgeni mwenye kiu, na hakuijua ardhi aliyokuwa anaikanyaga.

Wenye kiu ya Dodoma sasa ni wengi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania huko ulifanywa mwaka 1973, ukalala kwa miongo kadhaa, kisha ukaamshwa Julai 2016 pale Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali inahama. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ikapitishwa. Wizara zikajenga Mtumba. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamtoa abiria Dar es Salaam na kumfikisha Dodoma kwa muda usiofika saa nne. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni jiji. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179.

Pamoja na wizara, kuna sifa nyingine inayowavuta watu: zabibu. Dodoma ndiyo nchi ya mvinyo ya Tanzania. Wamisionari walileta mizabibu katikati ya karne iliyopita, wakulima wa vijiji wakaipokea, na leo mashamba yako Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Veyula, Makutupora na wilayani Chamwino. Zaidi ya hayo, mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ufaransa au Italia hawalipati. Mtu wa Nairobi, Kampala au Bujumbura akisikia habari hizo huanza kuona picha: nyumba pembeni ya shamba, hewa kavu, chupa mezani, na mji usio na foleni za Dar es Salaam.

Picha hiyo haikosi ukweli. Malaria ni kidogo Dodoma kuliko pwani na kando ya Ziwa Victoria. Barabara zinapanuliwa, chuo kikuu kipo, na kazi zimefuata wizara. Lakini kila kheri ina gharama yake, na gharama za Dodoma hazisemwi na dalali wa viwanja. Haki ni kuzihesabu mapema.

Gharama ya kwanza ni maji. Dodoma ni nchi ya ukame wa nusu. Mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na huja kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi jekundu. Maji ya bomba ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Anayefahamu mvinyo atalitambua jina hilo mara moja, kwa sababu Makutupora ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na ndilo jina la aina ya zabibu nyekundu iliyolitangaza eneo hilo. Yaani bonde moja linatakiwa kulinywesha jiji na kubeba sifa ya shamba. Bonde halikui kwa sababu watu wameongezeka.

Ndiyo maana mgawo wa maji ni sehemu ya maisha ya mitaa mingi ya pembezoni. Maji hutoka siku zake, na asiye na tangi hubeba ndoo au hununua kutoka kwenye boza. Anayechimba kisima uani hana uhakika: katika sehemu kadhaa za mkoa maji ya chini ya ardhi yana chumvi. Miradi ya kuleta maji kutoka bwawa la Farkwa, na hata kutoka Ziwa Victoria, imetajwa kwa miaka, na ikikamilika itabadili mambo. Lakini mtu hapiki kwa maji ya mradi ambao haujafika. Mwenye familia anayehama mwaka huu anapaswa kufanya hesabu kwa maji ya mwaka huu.

Historia imekwisha kutoa onyo zaidi ya mara moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza walikwenda Kongwa, katika mkoa huohuo, kulima karanga kwa matrekta. Walianza mwaka 1947 na kufikia mwaka 1951 walikuwa wameachana na mpango huo. Udongo uligeuka mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, mvua haikufuata ratiba, na fedha nyingi za walipakodi wa Uingereza zikapotea. Wagogo walikuwa wanaijua nchi hiyo. Wazee wao walikuwa wamepita katika njaa kuu ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920, na maisha yao ya kuchanganya mifugo, mtama na uwele yalikuwa ni jibu lao kwa nchi yenye mvua ya kubahatisha. Mradi mkubwa ulikuja na majibu yake tayari, na ukasahau kuuliza.

Gharama ya pili inamhusu yule anayetaka kuwa mkulima wa zabibu. Picha ya mashamba makubwa yenye nyumba za kifahari haipo Dodoma. Mashamba mengi ni ya wakulima wadogo, ekari moja au mbili, na hata mradi wa pamoja wa Chinangali II wenye umwagiliaji wa matone umesimama juu ya mikono ya wanakijiji. Mzabibu hauzai mwaka unaopandwa. Unataka nguzo, waya, samadi, kupogolewa kwa wakati, na dawa ya ubwiri unga. Kisha zabibu ikiiva haisubiri. Mwenye mahindi anaweza kufunga ghala mpaka bei ipande, lakini mwenye zabibu ana siku chache tu kabla mali yake haijaharibika.

Hapo ndipo mkulima anapobanwa. Viwanda vya kusindika ni vichache, na kikisema kimejaza matangi yake, mkulima hana pa kukimbilia isipokuwa bei ya hasara. Baadhi yao wamejifunza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao unaweza kukaa, lakini hilo linahitaji vyombo na mtaji. Serikali imejaribu kusaidia kwa kodi: ushuru wa bidhaa ni nafuu kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75. Hatua hiyo ni njema, ila haiongezi idadi ya wanunuzi wanaosimama mlangoni siku ya mavuno. Mgeni anayedhani shamba la zabibu litamlipia nyumba ndani ya miaka miwili anajidanganya.

Gharama ya tatu inawahusu hasa wasomaji wa nchi jirani, nayo ni ya kisheria. Wengi wanaamini kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imemfungulia kila raia wa Jumuiya mlango wa kila nchi. Imefungua baadhi. Suala la ardhi itifaki hiyo imeliacha chini ya sera na sheria za kila nchi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu maalumu. Kenya nayo, katika Katiba yake ya 2010, inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, basi. Kila nchi imejenga ua wake.

Kisha Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara. Katika orodha hiyo imo kununua mazao shambani, na vimo viwanda vidogo na vidogo sana. Maana yake kwa nchi ya zabibu ni wazi. Mganda au Mkenya aliyepanga kuzunguka Hombolo na lori akinunua zabibu kwa wakulima, au kufungua kiwanda cha uani cha mvinyo, ajue sheria haimruhusu. Nairobi ililalamikia amri hiyo, na mjadala wake unastahili kufanyika katika vikao vya Jumuiya. Hata hivyo malalamiko hayageuki kuwa leseni. Kuna watu watakaoahidiwa na madalali kwamba "jina la Mtanzania litawekwa tu kwenye karatasi." Anayekubali hilo ameikabidhi mali yake kwa mtu ambaye siku ya ugomvi atakuwa ndiye mwenye mali mbele ya sheria.

Hata kwa Mtanzania mwenyewe, kiwanja Dodoma si jambo la kununua kwa simu. Kwa miaka mingi ardhi ya mji ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kama CDA, mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kupelekwa halmashauri. Migogoro ya viwanja na fidia ilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wananchi wa wakati huo. Mnunuzi makini huuliza kiwanja kilikuwa cha nani kabla hakijapimwa, na kama aliyekuwa nacho alilipwa.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloruka kwenye mazungumzo mengi ya kuhamia Dodoma. Joto huzoeleka. Vumbi hufutwa. Tangi hununuliwa. Lakini kuna hasara ambayo mhamiaji haikuti, bali huja nayo. Jiji linapopanuka, linapanuka kuelekea vijiji, na vijiji ndivyo vyenye mizabibu. Ekari moja ya zabibu ikikatwa viwanja, inamletea mwenye nayo fedha ya mara moja inayoshinda mavuno ya misimu mingi. Nani atamlaumu akiuza, hasa baada ya mwaka ambao kiwanda kilimrudisha na mzigo wake? Akishauza, shamba limekwisha. Kizazi kimoja cha wahamiaji waliovutwa na nchi ya mvinyo kinaweza kumaliza nchi ya mvinyo na kubaki na jiji kama majiji mengine, lenye kiu zaidi.

Wapo watakaojibu kwamba hayo ndiyo maendeleo, kwamba hakuna mji uliokua bila kula mashamba, na kwamba mkulima ana haki ya kuuza chake. Ni kweli kwamba ana haki hiyo. Lakini haki ya kuuza ina maana pale tu ambapo kubaki nako kunawezekana. Mkulima anayeuza kwa kuwa zabibu zinamlipa kidogo kuliko ardhi amechagua. Anayeuza kwa kuwa zabibu zimeoza shambani amesukumwa. Wajibu wa halmashauri ya jiji na wizara ya kilimo ni kuhakikisha chaguo hilo ni la kweli: kutenga maeneo ya zabibu katika mipango ya jiji na kuyalinda, kuwasaidia wakulima kuwa na matangi ya pamoja ya mchuzi ili wasiuze kwa hofu, na kutopima viwanja vipya kwa kasi inayozidi ile ya mabomba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Ikiwa watu wanahimizwa kuhama kutafuta kazi na biashara ng'ambo ya mpaka, basi waelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi, nchi kwa nchi, kabla hawajauza walichonacho nyumbani. Ujirani unaojengwa juu ya matumaini yasiyo na maelezo huishia mahakamani au kituo cha uhamiaji.

Na mwenye nia ya kuhama afanye jambo moja rahisi. Asiende Dodoma Machi, wakati nchi ni ya kijani na zabibu ziko sokoni. Aende Oktoba. Apange chumba mtaani anakotaka kuishi, si hotelini. Ahesabu siku ambazo bomba linatoa maji, aulize bei ya boza, atembelee shamba moja na kumsikiliza mwenyewe akisimulia mavuno yaliyopita. Akimaliza mwezi na bado anaipenda Dodoma, basi ameipenda yenyewe, na jiji litakuwa limepata mkazi mwema. Mizabibu ya Dodoma imezoea watu wanaojua kungoja mvua. Wasiojua, tembo amekwisha kuwaonyesha.