Kombaini kuukuu na ngano ya mkulima mdogo

Msimu wa mavuno unapowadia Uasin Gishu, mkulima wa ekari kumi za ngano husubiri zamu ya kombaini ya kukodi huku akitazama mawingu. Punje zikilowa masukeni huota, na wasagaji huzikataa. Ndipo wengi hushawishika kununua kombaini kuukuu, wakaponzwa na rangi mpya. Saa za kwenye mita huweza kurudishwa nyuma. Ngoma ya kupuria iliyolika haifichiki. Mnunuzi na adai mashine ivune mbele yake, kisha apekue makapi: punje zikijaa humo hata baada ya marekebisho, aondoke. Aulize pia, kabla ya kulipa, ni nani Eldoret auzaye vipuri vyake. Na kwa ekari kumi, hata iliyo njema haijilipi pasipo majirani kuichangia.