Moshi Ukiisha, Dawa Hupanda

Hoja kwamba anayemeza dawa za sonona anaweza kuhamia sigara ya kielektroniki bila kumwambia daktari, eti kwa kuwa haina moshi, inaanguka pale pale inapojiona imara.

Moshi ndio kiini cha suala. Kemikali za tumbaku inayoungua, wala si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, kinachovunja baadhi ya dawa. Ndiyo maana duloksetini, mojawapo ya dawa za sonona, katika damu ya mvutaji hupungua kwa takriban theluthi moja. Akiacha tumbaku na kushika kifaa cha mvuke, kichocheo hicho hutoweka ndani ya siku chache. Dozi ni ile ile, lakini dawa huongezeka mwilini, na kichefuchefu, kizunguzungu au usingizi huweza kufuata. Fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, nayo huguswa.

Kuacha sigara ni jambo jema mno. Uingereza ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwapa wavutaji vifaa vya mvuke ili waache sigara. Lakini anayehamia mvuke akipunguza nikotini ghafla huweza kukosa usingizi na utulivu, dalili zinazofanana mno na sonona inayorudi.

Mwambie daktari au mfamasia kabla ya kuhama, na usikatishe dawa mwenyewe.